Kushindwa Vitani na Kuzaliwa kwa Firauni



Makala haya yametokana na maswali mawili aliyoyauliza kijana mmoja wa Ujiji, mtafutaji wa dini, baada ya darasa la jioni. Alikuwa amesoma habari za Hitler katika kitabu cha historia, akauliza hivi: "Maalim, watu hawa walikuwa na vyuo vikuu, na makanisa, na mafundi wa kila namna. Imekuwaje wakamfuata mtu wa namna ile?" Kisha, kabla sijamjibu, akaleta la pili: "Na ikiwa ni kweli kwamba walioshinda vita waliwaonea, je, hawakuwa na haki ya kulipiza?"

Swali hili la pili ni zito kuliko la kwanza. Linamhusu kila aliyeonewa, na nani kati yetu hajapata kuonewa? Yuko aliyefukuzwa nyumbani na wazee wake kwa kuwa ameifuata imani isiyokuwa yao. Yuko aliyevuka ziwa usiku na mtoto mgongoni, akaiacha shamba na kaburi la baba yake upande wa pili. Watu hawa wanayo madai ya haki, na mwenye madai ya haki ndiye anayevutwa kwa urahisi kuliko wote. Basi tulitazame swali hili kwa makini, na tuanzie hapa hapa petu, maana habari za Ujerumani haziko mbali na ufuko wa Tanganyika kama watu wanavyodhani.

Ni nani wa Kigoma asiyeijua meli ya Liemba? Ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande na kutiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaletwa kwa bahari hadi Dar es Salaam, na kutoka huko kwa reli hadi Kigoma, ambako reli yenyewe ilikuwa imefika mwanzoni mwa mwaka 1914. Hapo ikaungwa tena, na mwezi wa Februari 1915 ikashushwa majini. Lakini siku hizo haikuitwa Liemba. Iliitwa Graf von Götzen.

Götzen huyo alikuwa Gavana wa Kijerumani katika nchi hii tangu 1901 hadi 1906, na ndiye aliyekuwa madarakani Vita vya Maji Maji vilipozuka mwaka 1905. Majeshi ya serikali yalichoma vijiji, yakachoma mashamba, yakachoma maghala ya chakula, mpaka njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Wataalamu wa historia wanataja hesabu ya waliokufa tangu 75,000 hadi 300,000. Nawaomba wasomaji waiweke tarehe hii akilini. Mwaka 1905 Ujerumani ilikuwa haijashindwa vita yo yote. Hapakuwa na mkataba wa kuionea wala fidia ya kulipa. Ilikuwa dola yenye nguvu na mali, na bado iliona kwamba mtu wa Ungindo na wa Ungoni anaweza kuuawa kwa njaa pasipo mtu kuulizwa. Kwa hiyo anayesema kwamba udhalimu wa Wajerumani ulizaliwa na kushindwa kwao vitani, hajaanza kuhesabu mahali panapostahili.

Vita vya kwanza vya dunia vilipigwa mpaka juu ya maji ya ziwa letu. Waingereza walileta mashua mbili ndogo za vita, zilizopewa majina ya mzaha, Mimi na Toutou, zikavutwa nchi kavu kutoka kusini mwa Afrika. Desemba 1915 zikaiteka mashua ya Kijerumani iitwayo Kingani, na Februari 1916 zikaizamisha Hedwig von Wissmann. Mwezi wa Julai 1916, Wabelgiji walipokaribia, Wajerumani wakaizamisha Götzen kwa mikono yao wenyewe. Mafundi wake waliipaka mitambo grisi nzito kwanza, ili isiharibike chini ya maji, maana walitumaini kurudi. Hawakurudi. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari zake kwa jina la Liemba. Ama jemadari wao Lettow-Vorbeck, yeye alisalimisha silaha zake Abercorn, ambayo leo ni Mbala, karibu na ncha ya kusini ya ziwa hili hili, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kukoma Ulaya.

Sasa tuje kwenye madai ya haki, tusiyafiche. Mkataba wa Versailles ulitiwa sahihi tarehe 28 Juni 1919. Wajerumani walinyang'anywa makoloni yao yote, na sababu mojawapo iliyotolewa ni kwamba walikuwa wakatili kwa wenyeji na hawafai kutawala. Sababu hiyo ilikuwa ya kweli. Lakini waliogawana nchi hizo ni akina nani? Mji wa Kigoma ulikaa mikononi mwa Wabelgiji mpaka mwaka 1921, na kila mtu alijua yaliyotendeka Kongo kwa ajili ya mpira. Ruanda na Urundi zikatengwa na Tanganyika na kupewa Ubelgiji, na wavuvi wa ufukoni, wenye ndugu huku na huku, hawakuulizwa hata neno moja. Mwaka 1921 Ujerumani ikatozwa fidia ya marki bilioni 132 za dhahabu. Ilipochelewa kulipa, majeshi ya Ufaransa na Ubelgiji yakaingia jimbo la Ruhr mwezi wa Januari 1923. Kufikia Novemba ya mwaka huo, dola moja ya Marekani ilikuwa sawa na marki 4,200,000,000,000. Mjane aliyejiwekea akiba umri wake wote hakuweza kununua mkate kwa akiba hiyo.

Kurani Tukufu, katika Sura ya Al-Hujurat, inaagiza kwamba makundi mawili yakipigana yapatanishwe. Na moja likimdhulumu mwenzake, wote wasimame kulizuia mpaka lirejee katika amri ya Mungu. Na likiisha kurejea, suluhu ifanywe kwa uadilifu. Uadilifu umetajwa baada ya ushindi, kwa kuwa hapo ndipo mshindi anaposahau. Walioandika mkataba ule walitekeleza nusu ya amri hii na kuiacha nusu ya pili. Hatuwezi kuwasafisha.

Hata hivyo, tazameni hesabu ya kura. Mwaka 1928, miaka tisa baada ya mkataba, chama cha Hitler kilipata asilimia 2.6 tu. Mwaka 1930 kikapata 18.3, na Julai 1932 kikapata 37.3. Mkataba ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni kwamba mdororo wa uchumi ulikuwa umekuja, na watu wapatao milioni sita walikuwa hawana kazi. Njaa iliwafanya wayasikilize maneno waliyokuwa wakiyacheka. Na bado, Novemba 1932, kura zake zilishuka hadi asilimia 33.1. Hakupata kamwe wingi wa kura katika uchaguzi ulio huru. Wakubwa wa nchi, wenye viwanda na majemadari wa zamani, walidhani kwamba watamtumia kama mtu amtumiavyo mbwa wa kuwindia, kisha wamfunge. Basi tarehe 30 Januari 1933 Rais Hindenburg akamfanya Waziri Mkuu.

Maneno yenyewe yalikuwa nini? Kwamba jeshi la Ujerumani halikushindwa, bali lilisalitiwa kutoka nyuma, na msaliti mkubwa ni Myahudi. Mayahudi wote wa nchi ile walikuwa wapatao nusu milioni, chini ya mtu mmoja katika kila mia. Wapatao 100,000 kati yao walikuwa wamevaa sare ya jeshi la Ujerumani katika vita ile, na 12,000 hivi walikuwa wamekufa wakiipigania. Wajane wao walikuwa hai na nishani ziko ukutani. Uongo huu ulikuwa mwepesi kuufichua, kama wangetaka.

Hapa ndipo pa kulijibu swali la kwanza la kijana wetu, na jibu lake liko katika habari mbili za Kurani Tukufu. Ya kwanza ni ya Ibilisi. Alipoamriwa kumtii Adamu, hoja yake haikuwa kwamba Adamu ametenda kosa. Alisema kwamba yeye ni bora kwa kuwa asili yake ni moto na ya Adamu ni udongo. Hiyo ndiyo hoja ya kwanza ya ubaguzi wa asili iliyotajwa katika dini, na aliyeitoa hakuwa mjinga. Alikuwa na elimu na maneno. Elimu haimkingi mtu na kiburi cha damu. Ya pili ni habari ya Firauni katika Sura ya Al-Qasas, kwamba alijitukuza katika nchi, akawagawa watu wake makundi makundi, akalidhoofisha kundi moja miongoni mwao, akiwachinja wana wao. Angalieni mpangilio wake. Kujitukuza kunatangulia, kisha kugawa, kisha kudhoofisha, na kuchinja ni mwisho. Anayesubiri kuona damu ndipo aseme kwamba Firauni amekuja, amekwisha kuchelewa.

Huko Ujerumani mambo yalikwenda kwa mpango huo huo, na kwa haraka ya kutisha. Februari 27, 1933, jengo la Bunge likaungua. Siku ya pili yake amri ikafuta uhuru wa kusema, wa kuandika na wa kukutana. Machi 22 kambi ya mateso ya Dachau ikafunguliwa. Machi 23 Bunge lenyewe likapitisha sheria ya kumpa Hitler uwezo wa kutunga sheria pasipo Bunge. Haya yote hayakutimiza miezi miwili. Mwaka 1935 Sheria za Nuremberg zikawavua Mayahudi uraia na kuwakataza kuoana na Wajerumani. Kabla mwaka haujaisha katazo hilo la ndoa likapanuliwa kuwagusa Waroma na watu weusi. Novemba 1938 masinagogi yakachomwa usiku mmoja nchi nzima. Kisha vita, na mwisho Mayahudi milioni sita wakauawa, pamoja na Waroma wengi na vilema na wengineo. Kila hatua ilikuwa na karatasi yake, na mhuri wake, na karani aliyeiandika vizuri.

Miongoni mwa walioangamia alikuwamo kijana wa pwani yetu, na ningependa kila msomaji wa Kiswahili amjue. Jina alilopewa na wazazi wake ni Mahjub bin Adam Mohamed. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904. Baba yake alikuwa askari wa Kijerumani, na mwaka 1914, akiwa na umri wa miaka kumi, mtoto huyu naye akaingizwa katika jeshi la Lettow-Vorbeck. Alijeruhiwa, akatekwa na Waingereza. Vita vilipokwisha alifanya kazi melini, na mwaka 1929 akafika Berlin kudai mishahara yake na ya baba yake, ambayo haikuwa imelipwa. Akaambiwa kwamba amechelewa.

Alibaki huko, akijulikana kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Alikuwa mtumishi wa mezani katika nyumba kubwa ya starehe, tena akawafundisha Kiswahili wanafunzi wa chuo kikuu cha Berlin. Mwishoni mwa Januari 1933 alioa mke wa Kijerumani, na siku tatu baadaye Hitler akashika madaraka. Aliomba nishani waliyopewa waliopigana vita vya kwanza, akanyimwa. Vita vya pili vilipoanza mwaka 1939 alijitolea kwenda jeshini, akakataliwa. Walimwita walipomhitaji kusimama na sare ya askari katika mikutano ya wale waliokuwa wakidai makoloni yarudishwe. Walimwita pia kuigiza katika senema.

Senema ya mwisho aliyoigiza, iliyotoka mwaka 1941, ilikuwa juu ya Carl Peters. Wazee wa Kilimanjaro walimjua Peters kwa kuwanyonga mtumishi wake, Mabruk, na msichana aliyeitwa Jagodja. Mambo hayo yalileta kelele hata Ujerumani kwenyewe, na mwaka 1897 akafukuzwa kazi ya serikali kwa aibu. Hitler ndiye aliyemtakasa kwa amri yake mwaka 1937, wakati Peters amekwisha kufa. Basi yule kijana wa Dar es Salaam alitakiwa asaidie kumpamba mtu yule, naye akafanya, kwa kuwa ndiyo kazi aliyoachiwa. Mwaka huo huo wa 1941 polisi wa siri walimkamata kwa shtaka la kuchafua damu, yaani uhusiano na mwanamke mweupe. Hakupelekwa mbele ya hakimu. Alitiwa katika kambi ya Sachsenhausen, karibu na Berlin, akafa humo tarehe 24 Novemba 1944. Mwaka 2007 Wajerumani wenyewe waliweka kijiwe cha shaba chenye jina lake katika njia ya mji ule.

Wengine watasema alikuwa mtu wa kuwapendelea wakoloni. Sioni raha katika hukumu hiyo. Alichukuliwa akiwa mtoto wa miaka kumi, akafundishwa kwamba utii utalipwa, na maisha yake yote alikuwa akibisha mlango wa watu waliomdai damu na hawakutaka kumdai undugu. Linalonishughulisha ni lingine: yule bwana aliyetumia uaminifu wake na kumtupa alikuwa akifuata mafundisho yale yale yaliyoanza Kilimanjaro na Ungindo.

Ndugu zangu, Sura ya An-Nisa yatuamuru tusimame imara katika haki na kuwa mashahidi hata dhidi ya nafsi zetu na jamaa zetu. Basi nasi Waislamu tuseme letu. Mufti wa Yerusalemu, Amin al-Husseini, alikaa Berlin tangu 1941 hadi 1945 akimsaidia Hitler kwa redio na kwa kuandikisha askari. Na katika Afrika Mashariki yetu, Idi Amin alipeleka simu kwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa mwezi wa Septemba 1972 akisifu kuuawa kwa Mayahudi, mwaka ule ule alipowafukuza Waasia katika Uganda kwa muda wa siku 90. Majina yao ni ya Kiislamu; matendo yao hayakuwa hivyo. Kwa upande mwingine, Albania, nchi ya Ulaya ambayo watu wake wengi ni Waislamu, iliwaficha Mayahudi majumbani kwa vijana na wazee, Waislamu na Wakristo, hata vita vilipokwisha walikuwamo Mayahudi wengi kuliko kabla ya vita. Wenyeji wale walikuwa chini ya majeshi ya Hitler, na amri ya kuwatoa walipewa. Lakini Mtukufu Mtume, amani ya Mungu juu yake, alikwisha kufundisha kwamba kiumbe hatiiwi katika kumwasi Muumba.

Sasa swali la pili. Je, aliyeshindwa na kuonewa ana haki ya kulipiza?

Mtukufu Mtume naye alishindwa vita. Huko Uhudi, mwaka wa tatu wa Hijra, Waislamu walikuwa wamekwisha kuelekea ushindi, lakini wapiga mishale wengi wakaondoka mahali walipoamriwa wasiondoke, adui akaingia nyuma yao. Watu sabini wakafa. Hamza, baba yake mdogo, akapasuliwa tumbo. Yeye mwenyewe akavunjwa jino, damu ikamtiririka usoni. Hapa walikuwapo wakosaji wa kweli, wanaojulikana kwa majina, si wa kuzuliwa. Mtu mwenye tamaa ya utawala angepata nini zaidi? Angewanyonga wale wapiga mishale, na watu wote wangemshangilia. Lakini Sura ya Al-Imran, inayozungumza habari za siku ile, inamsifu kwa kuwa mpole kwao, na kumwamuru awasamehe, awaombee maghufira, na aendelee kutaka shauri lao. Kutaka shauri lao! Yaani wale wale walioleta hasara wasitolewe katika baraza. Na juu ya maiti zilizokatwakatwa, akawakataza wafuasi wake wasikate maiti ya adui kamwe.

Na kwa adui wa nje, Sura ya Al-Maida yasema kwamba chuki ya watu isitupeleke katika kutotenda haki. Haisemi kwamba chuki yao ni ya uongo, wala haitulazimishi tusahau. Anayedai shamba lake na alidai, mbele ya hakimu, na shahidi aje. Tena kujikinga kumeruhusiwa. Kisichoruhusiwa ni kumchukua mtu ambaye hakukudhulumu, kwa kuwa ni wa kabila fulani au dini fulani, ukamlipisha. Mjerumani wa mwaka 1923 alikuwa na madai kwa Paris na London. Aliyelipishwa alikuwa jirani yake, muuza nguo wa mtaa wake, na mjane wa askari mwenzake.

Nayaandika haya nikijua ninaandikia watu wa wapi. Tangu mwaka 1972 mkoa wa Kigoma umepokea waliokimbia mauaji ya Burundi. Mwaka 1994 ilikuja habari ya Rwanda, ambako redio iliwaita binadamu mende, na waliolelewa kwa maneno hayo wakaua mamia ya maelfu kwa siku mia moja. Katika kambi na mitaa ya pwani hii wamo vijana ambao kila mmoja anaijua hesabu ya ndugu zake waliouawa, na wako wazee wanaowafundisha hesabu hiyo jioni kwa jioni. Aidha wako wenyeji ambao, bei ya unga ikipanda au ng'ombe akiibwa, hulitaja jina la mkimbizi kabla hawajamtafuta mwizi. Kijana wangu wa Ujiji alikuwa na maneno yake juu ya jambo hili pia, nami nilimwomba aanze na mtu mmoja mmoja: amtaje mwizi anayemjua, na asiyemjua asimtaje.

Mwaka 1997 ile meli iliyoitwa Götzen iliwarudisha Wakongo makumi ya elfu kutoka Kigoma hadi upande wao wa ziwa. Mei 2015 watu makumi ya elfu kutoka Burundi walirundikana katika ufuko mwembamba wa Kagunga, kati ya mlima na maji, ugonjwa wa kipindupindu ukawaingia, na hapakuwa na barabara ya gari ya kuwatoa. Liemba ikaenda. Haiwezi kukaribia ufuko ule, hivyo mashua za wavuvi ziliwachukua watu hadi ubavuni mwake, mamia kwa kila safari, wagonjwa na watoto wakipandishwa kwa mikono, kisha ikawaleta Kigoma, wakalala katika uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika, na kutoka hapo wakapelekwa Nyarugusu.